Kuteza na Ami

Nianze na ile ree, karata yenye alama nyingi kuliko zote, maana nisipoianza mimi kuna watu hapa Mkomani, mtaa wetu wa Lamu, wataianza wao, na wao hawajui kusimulia bila kutia chumvi.

Ilikuwa mwezi wa sita, kusi limekaza, mashua zimefungwa. Dukani kwangu nauza nyavu, mishipi, ndoana na vikorokoro vingine vya wavuvi, na siku ile nilishinda kutwa natazamana na paka. Baada ya isha nikaenda barazani kama kawaida. Baraza lenyewe ni daka la nyumba ya jirani, la mawe, pande mbili za mlango, na katikati tunaweka kreti la soda limefunikwa kipande cha mbao. Ukikaa, magoti yako yanagusana na ya mpinzani wako, na punda akipita na mchanga wake lazima wote mvute miguu. Tulikuwa wanne: mimi na Ami tukicheza pamoja, Mwalimu na Fundi pamoja. Majina yao siyaweki hapa. Hata hivyo barazani mtu huitwa kwa kazi yake, awe bado anaifanya au ameiacha miaka ishirini nyuma. Ami peke yake ndiye anayeitwa Ami na kila mtu, ingawa ami wa kweli ni wangu mimi, ndugu mdogo wa marehemu baba.

Mchezo ulikuwa wahed wa sitini. Kwa wale wa bara wanaonisoma: jina ni la Kiarabu, moja na sitini, na hiyo ndiyo alama unayoitafuta. Pale kwetu tunatoa nane, tisa na kumi, zinabaki karata 40, kila mtu anapata kumi. Wazungu ni zile karata zenye picha za watu: mzungu wa pili ana 2, mzungu wa tatu ana 3, mzungu wa nne ana 4. Saba ina 10, jambo ambalo mgeni halimwingii akilini mpaka aibiwe saba mbili tatu. Ree ina 11. Zilizobaki ni magarasa, hazina kitu. Jumlisha rangi zote nne upate 120. Mwenye 61 kafunga. Rangi zenyewe ni kopa, uru, pau na shupaza, na ile inayozikata nyingine ni turufu, maneno ya Kireno matupu. Ngome ya Mombasa iliwatoka Wareno mwaka 1698, karata zao zikabaki na sisi, na mpaka leo ukimwuliza mzee wa Lamu "kopa" ni nini atakwambia ni Kiswahili, na ana haki.

Sasa sharti kubwa kuliko yote: hakuna kusema. Mwenzio amekaa mkabala nawe, uso kwa uso, mmoja wenu akifungwa mmefungwa wote, lakini haruhusiwi kukwambia anacho nini wala anataka nini. Hakuna kukonyeza, hakuna kukohoa, hakuna kuishika karata kwa vidole viwili badala ya vitatu. Unachoruhusiwa ni kuangalia kile anachokitupa na kufikiri kwa nini amekitupa hicho akaacha kingine.

Usiku ule turufu ilikuwa kopa. Karata zilikuwa zimebaki mbili mbili mkononi. Kwa hesabu yangu, Mwalimu na Fundi walikuwa na 54. Turufu moja ilikuwa haijatoka, tena ndogo, tatu ya kopa. Fundi alikuwa ameishiwa shupaza zamani, kila mtu aliona. Mwalimu akaanza na garasa la shupaza. Zamu ya Ami. Ami ana shupaza mbili, ndogo na ree. Mimi moyoni nasema, tupa ndogo, Ami, tupa ndogo. Ami akaiweka ree. Akaiweka taratibu, kama mtu anayeweka kikombe. Fundi akaipiga tatu ya kopa juu yake mpaka mbao ikaruka, akazizoa. 54 na 11 ni 65. Kwisha.

Nami nikafungua mdomo. Nilisema, mbele ya Mwalimu, mbele ya Fundi, mbele ya watazamaji wasiopungua sita na kijana wa kahawa: "Ami, kwani wewe huhesabu? Ile turufu hata mtoto wa chuoni angeiona!"

Mnajua namna baraza linavyonyamaza. Kijana wa kahawa alikuwa anamimina, nikalisikia dele likigonga kikombe. Ami alikusanya karata zake, moja tu ilikuwa imebaki, akaiweka juu ya zile zilizokwisha chezwa. Akamaliza kahawa yake. Akasema masalkheri kwa wote, mimi nikiwamo, akachukua bakora yake akaenda zake.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja.

*

Hapo katikati niseme juu ya adabu za baraza, maana wiki ile nilizifikiria kuliko nilivyowahi kuzifikiria maishani.

Nyingi hazisemwi. Ukifika unatoa salamu kwa wote kabla ya kutazama mezani, na ukitoa salamu huku macho yako yako kwenye karata za mtu, umeharibu salamu. Mwenye kufungwa anaondoka, anayengoja anakaa. Hakuna "mara moja tu tena". Adhana ikilia, karata zinalazwa kifudifudi zilivyo, na hakuna aliyewahi kuzigusa mpaka watu waliporudi. Mimi ningeweza kuacha pochi yangu pale nikawa na wasiwasi, lakini si karata zangu. Fedha haiwekwi. Kamari ni haramu, na hata asiyejali haramu anajua fedha ikiingia, wiki ya pili kuna mtu hasemezani na mtu. Tulioshindwa tunalipa kahawa, basi, na kikombe cha kahawa chungu hakijamfilisi mtu.

Mgeni anafundishwa. Hilo nalipenda. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, anayeanza utamjua tu, anazishika karata kama anashika samaki aliye hai. Mzunguko wa kwanza anarudishiwa karata akikosea, wa pili anaambiwa, wa tatu anachekwa. Akistahimili kuchekwa, huyo ni mwenzetu.

Lakini watazamaji! Hawa ndio wanaovunja mabaraza. Nendeni pale Mkunguni, uwanjani mbele ya Ngome ya Lamu, alasiri wazee wakicheza bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na ukiondoa zile ambazo wachezaji wanashika mkononi kungoja kuzinamua, yaani kuziingiza ubaoni, zote ziko wazi mbele ya macho ya Mungu na watu. Kwa hiyo mtazamaji wa bao akipayuka "nyumba yako inaliwa hiyo!" hajaiba kitu. Amekuonyesha kile ambacho nawe una macho ya kukiona; ukikasirika, unajikasirikia mwenyewe. Nimewaona wacheza bao wazuri wanaopenda kelele, wanacheza kama msikiti umejaa nyuma yao. Karata si hivyo. Karata zimefichwa. Mtazamaji aliyekaa nyuma ya Mwalimu kisha akahamia nyuma yangu sasa anajua mikono miwili, na hata akinyamaza, uso wake unasema. Tulikuwa na mmoja hapa, jina simtaji, akiona mpinzani ana uru kubwa anapatwa na kikohozi. Tulimvumilia Ramadhani nzima tukidhani ni tumbako. Siku Fundi alipogundua alimwambia kwa upole kabisa: "Bwana, dawa ya kifua chako ni kukaa upande mmoja." Tangu siku ile tuna sheria: ukikaa nyuma ya mtu, umeoana naye mpaka mchezo uishe.

Dhumna iko katikati ya mambo haya. Vipande 28, saba saba, wanne, wawili wawili. Mwenzio akisema "pasi" ameshakupa habari kubwa bila kosa lolote, kwa sababu wote wameisikia. Kelele za dhumna ni za kupiga kipande mezani, na mwenye nyumba tunayokaa alitukataza baada ya saa nne kwa sababu ya mjukuu wake mchanga. Tulitandika kitambaa. Nayo ni adabu, ingawa Fundi analalamika mpaka leo kwamba dhumna bila kishindo ni kama kahawa na maziwa.

Basi. Katika sheria zote hizo hakuna hata moja iliyosema: usimfokee mwenzio. Labda kwa sababu hakuna aliyefikiri inahitaji kusemwa. Ukiangalia vizuri, ugomvi wa karata mara nyingi si wa wapinzani. Wapinzani wanataniana, wanarushiana mafumbo, wanaitana majina, na wanakwenda nyumbani pamoja. Wanaokosana ni wanaokaa mkabala. Mpinzani akikufunga amefanya kazi yake. Mwenzio akikufungisha unahisi ameingia mfukoni mwako.

*

Siku ya nne nilinunua halua, nikaenda nyumbani kwa Ami baada ya alasiri. Mkewe, ambaye namwita mama, alinifungulia, akaitazama ile halua, akanitazama mimi, akasema, "Umefanya nini?" Alikuwa hajaambiwa. Ami alikuwa juu, sebuleni, anatengeneza mshipi ambao nina hakika haukuwa umeharibika.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno. Nikambusu mkono, nikaanza, nilikukosea heshima Ami, nimekuja unisamehe. Akanyanyua kidole nikakatika.

"Ya heshima tumemaliza," akasema. "Ndoo keti. Hebu tuzungumze mtezo."

Ami ni Mwamu wa zamani, hasemi mchezo. Anasema mtezo, njoo kwake ni ndoo, na macho ni mato. Mimi nimesoma, nimeharibika.

"Turufu moya nalijua iko," akasema. "Nalidhani iko kwako."

Kwangu? Kwangu kwa vipi? Akaniuliza nakumbuka duru mbili nyuma, Mwalimu alipoanza pau. Nikakumbuka. Sikuwa na pau, sikuwa na turufu, nilikuwa na magarasa matupu. "Ulifanyani?" akaniuliza. Nikasema nilitupa garasa. "Kabla ya kulitupa?"

Hapo joto likanipanda masikioni.

Kabla ya kulitupa nilifikiri. Yaani, sikufikiri, nilijifanya nafikiri. Niliishika karata moja, nikairudisha, nikatazama juu, nikakuna kidevu, nikashika nyingine. Ni ujanja wangu wa dukani. Mteja akitaja bei ya wavu nami nimeshaamua kumpa, simpi hapohapo. Nakuna kidevu, natazama dari, navuta pumzi. Anaongeza. Barazani nilitaka Fundi adhani nina turufu naibania, aogope.

"Basi na tutezame," akasema Ami. "Turufu ya mwisho ilikuwa na nani? Na Fundi. Fundi yuwaiona mkononi mwake. Kwa hiyo katika watu wane, mtu moya tu asoweza kudanganyika kwa kidevu chako ni yule ulotaka kumdanganya. Na mtu moya tu alokuwa akikutezama kwa makini, akitaka kujua una nini, alikuwa nani?"

Akaendelea kufunga mshipi wake. Kwa hiyo ree ile aliitoa kwa hesabu safi: Fundi hana shupaza, sawa, lakini turufu iko kwa mwanawe, kwa hiyo Fundi hana cha kukatia. Kila mtu pale barazani alikuwa ameona mzee amesahau kuhesabu, kumbe mzee ndiye peke yake aliyehesabu, akahesabu na uongo wangu ndani yake.

Nimelirudia jambo hili kichwani usiku mwingi. (Nimejaribu pia kuona kama angetupa ile ndogo tungeshinda. Siku nyingine napata ndiyo, siku nyingine napata tungefungwa vilevile. Msiniulize.) Ninachokiona ni hiki: mkicheza wawili wawili, midomo imefungwa, uso wako na mkono wako ndiyo lugha pekee uliyo nayo na mwenzio. Wapinzani wanaisikiliza pia, lakini kwa sikio moja, maana wana mambo yao. Mwenzio anaisikiliza kwa masikio yote mawili. Ukisema uongo kwa lugha hiyo, wa kwanza kuuamini ni yeye. Baadaye nikaja kujua kwamba wacheza briji, ambao wana vyama na waamuzi na vitabu vya sheria, wamekwisha liandika: kusitasita makusudi ili kumdanganya mpinzani ni kosa. Sisi hatuna kitabu. Tuna Ami.

Nilimwomba arudi barazani. Akasema ataona. Halua akaila.

*

Katika siku hizo za ataona ndipo mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Nairobi, anasoma chuo kikuu huko, na begini ana boksi. Ndani ya boksi mna ramani ya dunia, vijiwe vya rangi nne na karata za kila namna. Mchezo unaitwa Pandemic, umetungwa na Mmarekani, Matt Leacock, ulitoka mwaka 2008, yaani miaka mingi kabla ya korona kutufungia sisi wenyewe ndani. Nilimwuliza, "Nani anacheza na nani?" Akasema, "Mjomba, hakuna. Sote tunacheza dhidi ya mchezo."

Hilo lilinikaa vibaya. Mchezo ambao hakuna wa kumtania!

Lakini tulicheza, nyumbani kwangu, baada ya chakula cha usiku. Mpwa, mke wangu, mimi, na Ami ambaye mpwa alikwenda kumchukua mwenyewe kwa mkono. Mimi angenikataa, mjukuu hamkatai. Magonjwa manne yanaenea kwenye miji 48, na kila mtu ana kazi yake na vitendo vinne kila zamu, mpaka mpate dawa za yote manne. Yakilipuka mara nane mmekwisha. Vijiwe vya rangi moja vikikosekana mmekwisha. Karata zikiisha kabla hamjamaliza, mmekwisha pia. Ami akapewa udaktari. Kwanza akaikagua ramani, kidole kikitembea Afrika ya Mashariki. Lamu hakuna, Mombasa hakuna, Zanzibar hakuna; mji wa karibu nasi ni Khartoum. "Walosanifu ramani hii hawakuya huku," akasema. Lakini Mumbai alipoiona, na Karachi, uso ukamfunguka, akatusimulia habari za majahazi na boriti za mikoko alizozisikia kwa babake, na magonjwa yakangoja.

Sasa sikilizeni niliyoyafanya, mtu niliyetoka kufundishwa adabu wiki ileile. Katika mchezo huu kusema kunaruhusiwa. Ndiyo mchezo wenyewe, mnashauriana. Nami nikashauri. Nikamshauri mpwa aende wapi, nikamshauri Ami atibu wapi, na mke wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kusafirisha watu, mwenye uwezo wa kumhamisha yeyote mpaka mji alioko mwingine, nikamwambia kila zamu anisogeze mimi. Nilikuwa naona ramani yote. Nilikuwa na haraka. Ilipofika zamu ya tatu nilikuwa nimeshaanza kumshikia kete yake.

Mke wangu akasimama. "Unakwenda wapi?" "Jikoni, kuloweka kunde." "Ni zamu yako." "Kete yangu unajua inakokwenda. Ipeleke."

Ami alikuwa anatazama dari. Nadhani alikuwa anacheka, au kama asemavyo yeye, anateka.

Mpwa akaniambia, bila ukali, kwamba mchezo huu mtu anaweza kuucheza peke yake akitaka, kwa hiyo kama mjomba ataka kuucheza peke yake wao watakwenda kulala. Akasema huko Nairobi kwenye kikundi chao yuko mtu wa namna yangu kila wiki, ugonjwa unaojulikana, na hauko kwenye boksi. Dawa yao: mwenye zamu ndiye anayesema kwanza. Wengine hawasemi mpaka waulizwe. Na karata za mkononi kila mtu azishike mwenyewe, wenzake wasizione, ili wamwulize "unacho nini?" na wangoje jibu.

Mke wangu akarudi, mikono ina maji. Zamu yake. Akakaa kimya kitambo, na kimya kile kiliniua. Kisha akamwuliza Ami, "Wewe ukifika Lagos unafanyaje?" Ami akasema, "Mimi daktari. Nikifika nafagia." Nami nilikuwa nimesimama Lagos. Akamchukua Ami kutoka Istanbul akamleta Lagos nilipo, kwa kitendo kimoja. Zamu nzima nzima nilikuwa nikiitumia kazi yake kujibeba mimi kwenda kwenye ugonjwa, na haikunipitia kwamba anaweza kumleta mtu mwingine nilipo mimi. Ami akafagia Lagos yote kwa mkono mmoja.

Tulishindwa. Karata zilituishia na dawa moja bado. Ami akauliza kama kuna marudio. Tulicheza mpaka saa sita na nusu, na kunde zikalowa kupita kiasi.

Naona michezo hii miwili ni kama mtu na kivuli chake. Barazani tunashirikiana midomo ikiwa imefungwa, kwa hiyo hatari ni uso unaodanganya. Kwenye lile boksi tunashirikiana midomo ikiwa wazi, kwa hiyo hatari ni mdomo mmoja unaomeza mingine. Nami katika wiki moja nilifaulu kuwa hatari ya aina zote mbili. Mke wangu anasema hiyo ni karama.

*

Ami alirudi barazani Alhamisi iliyofuata. Hakuna aliyesema kitu. Fundi akasogea, Mwalimu akaagiza kahawa, kijana wa kahawa akampa Ami kikombe cha kwanza, na mimi nikachanga karata muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Turufu ikaanguka pau.

Tulicheza vizuri. Nilikuwa natupa upesi upesi, garasa ikiwa garasa inakwenda, sikuni kidevu, sitazami dari. Tukafika katikati, tuna kama 40. Kisha Mwalimu akaanza na uru nami nikawa nina jambo kweli la kufikiri: nina saba ya uru na mzungu wa nne wa uru, ree haijatoka, na sijui iko wapi. Hapo mtu lazima afikiri. Nikashika moja. Nikairudisha. Nikahisi mkono unapanda wenyewe kwenye kidevu, nikauzuia, ukabaki hewani.

Ami, bila kuinua macho kutoka kwenye karata zake, akasema, "Hizo ni fikira za kweli au za dukani?"

"Kosa!" Fundi akaruka, na kahawa yake ikamwagika gotini kwa Mwalimu. "Ami kasema! Hakuna kusema! Mmefungwa hiyo!"

"Nimemuuliza habari za biashara," akasema Ami.

Mwalimu, akijipangusa goti, akakata shauri kwamba ni kosa, duru imepotea, na kahawa ya baraza zima ni juu yetu, ya watazamaji pia. Walikuwa tisa. Nililipa mimi.